Kila Mtu Mbele ya Nyumba Yake

Somo: Nehemia, sura ya 3

Mwezi huu tumechagua sura ambayo wengi huiruka wasomapo Biblia. Sababu yake twaijua: ni majina matupu, fulani mwana wa fulani, na baada yake fulani mwingine, na malango tusiyoyajua yalikuwa upande gani wa mji. Hata wahubiri huipita upesi ili wafike penye hatari na sala. Walakini sisi twaiona kuwa hazina kwa watu wakaao pamoja katika kijiji kimoja au mtaa mmoja, maana ni daftari la kazi ya majirani.

Yerusalemu ulikuwa umebomoka. Nehemia alipofika alizunguka usiku, akayatazama mabomoko kwa macho yake kabla ya kumwambia mtu neno lolote. Kisha akawaita watu, na ukuta ukagawanywa vipande. Hakuleta mafundi kutoka mbali. Kuhani mkuu Eliashibu na ndugu zake wakajenga Lango la Kondoo, wala hawakusema kwamba mikono yao ni ya madhabahuni tu. Mfua dhahabu akashika mawe, na karibu naye mtengenezaji wa marhamu, mtu aliyezoea vichupa na manukato. Malkiya, naye alikuwa mkuu wa wilaya, akatengeneza lango la jaa, ndilo la kutolea takataka za mji. Tafakarini hilo, ninyi mlio na vyeo! Shalumu, mkuu mwingine, akajenga yeye na binti zake. Meshulamu hatajwi kuwa na nyumba, hutajwa chumba tu. Basi akajenga mbele ya chumba chake. Na mara nyingi katika sura hii twaambiwa kwamba mtu alijenga mahali palipoelekea nyumba yake mwenyewe. Kwa siku 52 kazi ikaisha.

Nehemia alikuwa mtu wa akili. Alijua kwamba mtu hulala vibaya ikiwa tundu la ukuta li mbele ya mlango wake, na kwamba hatajenga kwa ulegevu mahali ambapo adui angeingilia kwa watoto wake. Lakini alijua pia kwamba kipande kimoja hakifai kitu kisipoungana na kipande cha jirani. Ukuta mzuri mbele ya nyumba yangu, na tundu mbele ya nyumba yako, sisi sote tumepotea.

Sasa tuitazame nchi yetu. Huku Singida mvua hunyesha msimu mmoja tu, toka Novemba au Desemba hata Aprili, na baada yake ni jua na upepo. Kwa hiyo mahali pa watu wote kwetu si pambo. Kisima, lambo la ng'ombe, njia iendayo majini, mti wa mkutano, uwanja wa mnada, kiwanja cha watoto, makaburi: hivi vikiharibika, maisha yetu yameharibika. Wala haviharibiwi na adui atokaye mbali. Mwenye shamba kando ya njia husogeza ua wake wa minyaa hatua moja mwaka huu, na mwaka wa tatu hatua nyingine. Hakuna asemaye neno, kwa sababu ni jirani, na pengine ni mzee wa kanisa. Mwisho wake, mama mwenye ndoo kichwani hupita ubavu ubavu, na siku ya msiba jeneza huzungushwa kwa shamba la mtu mwingine, ambaye hunung'unika kwa ajili ya mtama wake. Wafiwa husikia manung'uniko hayo. Twauliza: yule aliyesogeza ua, je, hakuiba? Amri ya saba huijua kwa moyo tangu mafundisho ya kipaimara, ila hudhani kwamba mali ya watu wote haina mwenyewe, na kwamba asipokuwapo mwenyewe hakuna mwizi.

Mjini Singida tunayo maziwa mawili, Singidani na Kindai, maji yake ya chumvi, na majabali makubwa kandokando, na heroe hutua humo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za watu katika mita 60 toka ukingo wa ziwa. Twaisifu sheria hiyo. Lakini afisa hawezi kulala ufukoni. Akaaye kando ya ziwa ndiye aonaye gari lililokuja kumwaga taka jioni, naye ndiye ajuaye ni la nani.

Tunao mfano wa mkoani mwetu wenyewe. Msitu wa Mgori, katika wilaya ya Singida, ni miombo ya hekta zipatazo 40,000. Palikuwa na shauri la kuutangaza kuwa hifadhi chini ya serikali. Vijiji vilivyouzunguka viliona mashaka, maana huko walipata kuni, asali, dawa na malisho ya wakati wa njaa. Na wakati uo huo wageni walikuwa wakiingia kupasua mbao na kufyeka mashamba, wala hapakuwa na awezaye kuwazuia. Katika mwaka 1995 vijiji vitano vilikabidhiwa ulinzi wa msitu ule, kila kijiji sehemu iliyo katika mipaka yake. Wakachagua kamati, wakaweka sheria zao, wakatoa vijana wao kuwa walinzi. Mwaka mmoja kabla yake jambo kama hilo lilikuwa limeanza Duru-Haitemba, wilaya ya Babati, na mambo haya mawili yaliwafundisha wakuu wa nchi hata Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ikakubali msitu wa hifadhi wa kijiji. Hatusemi kwamba kazi ya Mgori haikupata taabu baadaye. Msitu mkubwa una maadui wengi. Twasema tu kwamba waliofanya hivyo walikuwa wakulima na wafugaji, watu kama sisi, nao walifanya vile vile kama watu wa Nehemia: kila mmoja sehemu iliyoelekea mlango wake.

Basi yatupasa kusema juu ya mkutano. Neno mtaa katika kanisa letu lina maana mbili. Kuna mtaa wa usharika, na Wakristo wengi wanaujua vema: wanajua zamu ya kufagia kanisa, na nani hajaleta sadaka ya mavuno. Kuna na mtaa mwingine, ule wa serikali, wenye mwenyekiti na mkutano wake. Huo hawaujui, hata jina la mwenyekiti hubahatisha. Huko vijijini, sheria ya mwaka 1982 yataka mkutano wa kijiji ukutanishwe kila miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi ana nafasi ndani yake. Lakini watu wetu husema, Huko ni siasa, huko ni kelele, sisi tutaomba. Kuomba ni kwema. Nehemia naye aliomba, kisha akaweka walinzi usiku na mchana. Mkutano usipokuwa na waaminifu, huamuliwa na wale wachache waliofika, na mara nyingi wale wachache ndio wenye haja na kiwanja kile kinachogawiwa. Baadaye twalalamika kwamba kiwanja cha watoto kimeuzwa. Kiliuzwa siku gani? Siku ile tuliyokaa nyumbani.

Tena wengine huona haya kufanya kazi pamoja na wasio wa kanisa letu. Kisima hakiulizi dini. Kwa nabii Yeremia, katika sura ya 29, watu wa Mungu waliokuwa mateka Babeli wanaagizwa kuutafutia heri mji ule, na kuuombea, kwa kuwa amani yake itakuwa amani yao. Ikiwa Babeli ulistahili hivyo, je, jirani yetu Mwislamu, ambaye twachota naye maji na kuzikana naye, hastahili zaidi? Na Luther, katika Katekisimo Ndogo, alipoeleza ombi la mkate wa kila siku, aliwahesabu hata majirani wema kuwa sehemu ya mkate huo.

Tangu tarehe 9 Desemba 2015, siku ya Uhuru ilipofanywa kuwa siku ya usafi, tumezoea Jumamosi ya mwisho wa mwezi kushika fagio. Ni desturi njema, ijapokuwa twaogopa kwamba pengine watu hufagia mahali ambapo mkuu atapita, na mfereji wa nyuma husahauliwa.

Liko neno moja ambalo huvunja vyama vya majirani kuliko uvivu, nalo ni fedha. Watu huchanga kwa ajili ya pampu au daraja dogo, mtunza fedha akaonekana na baiskeli mpya, na tangu siku hiyo hakuna atakayechanga tena kwa miaka kumi. Labda baiskeli aliinunua kwa alizeti zake mwenyewe! Lakini hakuna awezaye kujua, kwa sababu hesabu haikusomwa. Hapa tutawakumbusha habari ya mji mdogo wa Leisnig katika Ujerumani. Mwaka 1523 watu wa usharika ule waliweka sanduku la watu wote, kwa ajili ya maskini, shule na majengo, na Luther akaandika maneno ya kuitangulia kanuni yao. Wasimamizi kumi walichaguliwa: wawili wa masharifu, wawili wa baraza la mji, watatu wa wenyeji wa mjini na watatu wa wakulima. Sanduku lilikuwa na kufuli nne, na kila kundi likashika ufunguo wake, hata halikuweza kufunguliwa wasipokuwapo wote. Watu wa Leisnig hawakuwa wezi. Walimpenda mtunza fedha wao, kwa hiyo hawakumwacha peke yake na jaribu. Kamati ya maji ikifanya kama wao, fedha zikae mahali ambapo mtu mmoja hawezi kuzitoa, na hesabu isomwe kwa sauti chini ya mti, mbele ya wake na waume, hata baiskeli mpya haitamdhuru mtu.

Neno la makaburi pia halina budi lisemwe, maana hapo kanisa lenyewe lina kipande chake. Katika mwaka 1527 tauni ilipoingia Wittenberg, Luther alimwandikia Johann Hess wa Breslau juu ya swali kama ni halali kuikimbia. Mwisho wa waraka ule akageukia, jambo la ajabu, uwanja wa makaburi wa mji wao. Alisikitika kwamba watu na wanyama walipita juu yake mchana na usiku, umekuwa kama njia panda na soko, na mahali pale pangepasa kuwa pa utulivu, ambapo mtu aweza kuwaza habari za kufa na kufufuka. Akashauri makaburi yawekwe nje ya mji. Basi mtu huyu, katikati ya tauni, alikuwa na wakati wa kufikiri juu ya kiwanja. Sisi tuna makaburi yenye mbuzi juu yake, na misalaba iliyoanguka, na nyasi hukatwa siku ya maziko tu. Vijana wa usharika wakiwaita majirani wote, hata wasio wetu, kwa kazi ya siku mbili baada ya mavuno, nani atakataa? Kila nyumba ina mtu wake aliyelala pale.

Kuna nyumba ambazo zitakataa. Sura yetu haikuwaficha hao. Wakuu wa Tekoa hawakutaka kuitia shingo yao katika kazi, na neno hilo limeandikwa, twalisoma hata leo, na majina yao hayapo. Lakini watu wa kawaida wa Tekoa hawakusimama kungoja wakuu wao waone haya. Wakajenga kipande chao, kisha katika mstari wa 27 twawakuta tena, wanajenga kipande cha pili. Tekoa haukuwa Yerusalemu, ulikuwa mji mdogo kusini. Hawakuwa na nyumba iliyoelekea ukuta ule. Katika kila kijiji wako watu wa namna hiyo, na mara nyingi ni wanawake, ambao hupalilia njia mbele ya shamba la mgonjwa au la mjane bila kuambiwa. Wazee wa usharika wawajue kwa majina, na wakichaguliwa wajumbe wa kamati, hao ndio wasisahauliwe.

Mwinjilisti atakayeifundisha sura hii katika ibada ya nyumbani asiruke majina. Asome polepole, na kila afikapo kwa mtu mmoja aulize watu: huyu kazi yake ilikuwa nini, na kwetu ni nani afanyaye kazi kama hiyo? Kisha watoke nje wote pamoja, wasimame mlangoni pa nyumba ile waliyokutana, watazame ni nini kilicho mbele yake.