Ukomo wa Waranti na Ukomo wa Wajibu

Swali la iwapo muuzaji wa kifaa cha umeme anabaki na wajibu wowote kwa mnunuzi baada ya waranti kumalizika huchukuliwa na wengi kuwa swali la karatasi tu: tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ikishapita, hasara ya friji iliyoacha kugandisha au runinga iliyokataa kuwaka ni ya aliyeinunua, na hakuna zaidi la kuzungumza. Mtazamo huo unafunika swali zito la kimaadili ambalo wanafalsafa na mafakihi, yaani wataalamu wa sheria ya Kiislamu, walilijadili karne nyingi kabla ya umeme kuingia majumbani, nalo ni iwapo haki ya aliyelipa thamani kamili ya kitu hutokana na ahadi ya muuzaji au hutokana na hali halisi ya kitu chenyewe kilipotoka mikononi mwa muuzaji. Insha hii inashikilia kwamba haki hiyo imesimama juu ya hali ya kitu, na juu ya ujuzi wa yule aliyeijua au aliyeweza kuijua hali hiyo, na kwamba waranti ni nyongeza juu ya haki, wala haiwezi kuwa mpaka wake.

Kwanza yafaa mambo mawili yatenganishwe. Waranti ni ahadi ya hiari ambayo mtengenezaji au muuzaji huitoa, kwamba kwa muda fulani, mara nyingi mwaka mmoja au miwili, atakitengeneza au kukibadilisha kifaa kikiharibika, na kwa kawaida hamtaki mnunuzi athibitishe kasoro ilianzia wapi. Mbali na ahadi hiyo, lipo sharti ambalo sheria yenyewe hulitia ndani ya mauzo hata kama halikutamkwa, kwamba bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo iwe na ubora unaostahili kuuzwa. Sharti hilo liliandikwa katika sheria ya Uingereza ya uuzaji wa bidhaa ya mwaka 1893, likarithiwa na nchi zilizotawaliwa na Waingereza, na hadi leo limo katika Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, na ile ya Tanzania Bara, Sura ya 214. Uingereza yenyewe imeendelea mbele zaidi, kwa kuwa sheria yake ya haki za walaji ya mwaka 2015 inataja kwa jina udumifu, yaani uwezo wa bidhaa kuendelea kufanya kazi kwa muda unaotarajiwa, kuwa sehemu ya ubora huo. Na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 46, inampa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha na haki ya fidia kwa hasara inayotokana na kasoro zake. Muda wa kufungua madai yanayotokana na mkataba ni miaka 6 nchini Kenya, Tanzania Bara na Uingereza, isipokuwa Scotland ambako ni miaka 5. Hii haina maana kwamba kila pasi lazima idumu miaka 6, kwa sababu huo ni muda wa kudai na si kipimo cha umri wa kifaa, lakini inatosha kuonyesha kwamba mwaka mmoja wa waranti ukiisha, kinachoisha ni wepesi wa kudai, na kuanzia hapo mzigo wa kuthibitisha chanzo cha kasoro humwangukia mnunuzi.

Hata hivyo, sheria haimalizi mjadala. Sheria ile ya mwaka 1893 na zile zilizorithiwa kutoka kwake ziliwaruhusu wahusika kukubaliana kuliondoa sharti hilo, na ndiyo maana katika maduka mengi ya Afrika Mashariki risiti hubeba chini yake maneno yanayosema kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, ambayo mnunuzi huyasoma baada ya kulipa, kama anayasoma kabisa. Ikiwa sentensi moja iliyochapwa kwa herufi ndogo inaweza kufuta haki, basi haki hiyo haikuwa na mizizi. Na kama ina mizizi, lazima itafutwe mahali pa ndani zaidi kuliko maneno ya risiti.

Mizizi hiyo huonekana pale kifaa kinapofunguliwa. Ndani ya runinga, kwenye kibao cha saketi kinachopokea umeme wa ukutani na kuugeuza kuwa wa volti ndogo, huwamo kapasita za elektroliti, ambazo ni vikopo vidogo vya alumini vyenye majimaji ndani yake, na kazi yake ni kutuliza mkondo wa umeme usipandepande na kushukashuka. Ubavuni mwa kila kapasita huchapwa kiwango cha juu cha joto inachostahimili, kwa kawaida nyuzi 85 au 105 za Selsiasi, na mtengenezaji wake hueleza katika majedwali idadi ya saa itakazodumu katika joto hilo, mathalani saa 2,000. Wahandisi hufuata kanuni kwamba joto likishuka kwa nyuzi 10 umri wa kapasita huongezeka takriban mara mbili, na likipanda kwa kiasi hichohicho umri huo hupungua kwa nusu. Kwa hiyo mhandisi anayeamua kuweka kapasita ya nyuzi 85 karibu na sehemu inayotoa joto kali, kwa ajili ya kupunguza gharama ndogo mno katika kila runinga, anajua au anaweza kujua kwa hesabu fupi kwamba majimaji yale yatakauka mapema. Fundi anayeifungua runinga hiyo miaka miwili baadaye hukuta kikopo kimevimba kichwani na pengine kimevuja, akakibadilisha kwa bei isiyolingana hata kidogo na thamani ya runinga nzima. Kasoro imeonekana baada ya waranti, lakini sababu yake ilikuwamo ndani ya boksi siku kifaa kilipouzwa.

Mfano huo unasaidia kutofautisha aina tatu za uharibifu ambazo katika malumbano ya dukani huchanganywa. Ya kwanza ni uchakavu, ambao ni kwisha kwa kawaida kwa kitu kilichotumika umri wake. Ya pili ni madhara ya nje, kama vile umeme uliokatika na kurudi kwa nguvu kupita kiasi, au maji yaliyomwagika. Na ya tatu ni kasoro iliyofichika, ambayo mnunuzi hakuweza kuiona kwa uangalifu wa kawaida na ambayo chanzo chake kilitangulia mauzo. Hakuna mwenye insafu atakayemdai muuzaji kwa aina mbili za kwanza, na swali lote la haki baada ya waranti linahusu aina ya tatu.

Cicero, mwanasiasa na mwanafalsafa wa Roma, aliligusa swali hili mwaka 44 kabla ya Kristo katika kitabu cha tatu cha De Officiis, kazi inayohusu wajibu wa mwanadamu, aliposimulia tofauti ya rai kati ya mwanafalsafa Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater wa Tarso juu ya mtu anayeuza nyumba ambayo yeye peke yake anazijua kasoro zake. Diogenes aliona kwamba muuzaji hulazimika kutaja yale tu ambayo sheria inamtaka ayataje, na kwamba kunyamaza si sawa na kuficha. Antipater alijibu kwamba kumwacha mwenzako aingie hasarani kwa kutojua, nawe unajua, ni kuvunja ule undugu unaowaunganisha wanadamu wote. Cicero aliegemea upande wa wajibu wa kusema, akiona kwamba kunyamaza hugeuka kuwa kuficha pale mtu anapokusudia kunufaika kwa kuwa mwingine hajui. Mtengenezaji aliyepima umri wa kifaa chake katika maabara, kisha akaweka ukomo wa waranti muda mfupi kabla ya umri huo kwisha bila kumwambia mnunuzi, yuko katika hali ileile ya muuza nyumba.

Mafundisho ya Kiislamu yanaingia ndani zaidi. Hadithi iliyopokewa na Imam Muslim, mkusanyaji wa hadithi, kutoka kwa sahaba Abu Hurayra inaeleza jinsi Mtume (S.A.W.) alivyoingiza mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta unyevu chini, na muuzaji alipojitetea kwamba ni mvua, alimuuliza kwa nini hakuuweka ule unyevu juu watu wauone, kisha akamkana kila anayedanganya. Muuzaji yule hakuilowesha nafaka yake, na mvua haikuwa kosa lake. Alicholaumiwa ni kuiacha kasoro mahali ambapo jicho la mnunuzi halifiki.

Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao wa Afrika Mashariki, yaliufafanua msingi huo katika mlango wa hiari ya kasoro, yaani haki ya mnunuzi kurudisha kitu akigundua ila iliyokuwamo. Katika Minhaj al-Talibin ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, kasoro inayozuka baada ya mnunuzi kukabidhiwa haimpi hiari, isipokuwa ikiwa imetokana na sababu iliyotangulia. Kanuni hii inaitatua kesi ya kapasita kwa uwazi unaostaajabisha, kwa kuwa haiulizi kasoro ilionekana lini, bali inauliza ilianzia wapi. Kitabu hichohicho kinaeleza kwamba muuzaji akiweka sharti la kujivua na kasoro zote, rai yenye nguvu ni kwamba sharti hilo linamwokoa tu kwa kasoro ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua, kwa sababu mnyama hula na kunenepa hata akiwa mgonjwa na hali yake hubadilika bila mtu kufahamu. Runinga si mnyama: kila kilichomo ndani yake kimechaguliwa, kimepimwa na kufungwa na mtu, na kwa hiyo udhuru wa kutojua, ambao mafakihi waliukubali kwa shida hata kwa ng'ombe na ngamia, ni mwembamba mno kwa aliyekitengeneza kifaa.

Pingamizi lenye uzito zaidi hutoka kwa wanaosema kwamba vifaa vinavyodumu ni ghali, na kwamba maskini ana haki ya kununua cha bei nafuu akijua kitaishi muda mfupi. Hoja hiyo ni ya kweli ikiwa maneno yake ya mwisho yatazingatiwa, yaani akijua. Kuuza kitu dhaifu kwa bei ya kitu dhaifu si dhuluma. Dhuluma ni kukiuza kana kwamba ni imara. Historia inaonyesha kwamba ufupi wa maisha ya bidhaa haukuwa daima zawadi kwa maskini, kwani mwaka 1924 watengenezaji wakubwa wa taa za umeme, katika umoja wa Phoebus, walikubaliana taa zisizidi takriban saa 1,000 na wakawatoza faini wanachama ambao taa zao zilidumu zaidi. Ufaransa ilifanya tendo la kufupisha kwa makusudi umri wa bidhaa kuwa kosa la jinai mwaka 2015, na tangu mwaka 2021 kanuni za Umoja wa Ulaya zinawataka watengenezaji wa friji na mashine za kufulia wahakikishe vipuri vinapatikana kwa miaka 7 hadi 10.

Inabaki hali ya mwenye duka dogo, ambaye ameuza boksi lililofungwa bila kujua kilichomo. Thomas Aquinas, mwanateolojia wa Kanisa Katoliki wa karne ya 13, alifundisha kwamba anayeuza kitu chenye kasoro bila kujua hatendi dhambi, lakini kasoro hiyo ikimfikia anapaswa kumfidia mnunuzi. Kwa muuzaji wa rejareja, uadilifu huo huanza kwa kutoa risiti halali, kumtaja mwagizaji wa bidhaa, na kulipeleka lalamiko kwa mwagizaji huyo badala ya kumfukuza mteja kwa kumwonyesha tarehe. Uzito wa fidia unamstahili yule aliyechagua kapasita, kwa kuwa ndiye aliyejua na ndiye aliyevuna akiba.

Mnunuzi naye ana mizani yake. Fiqhi ya Shafi inamtaka adai mara tu anapoigundua kasoro na aache kukitumia kitu, wala asinyamaze kwa miezi huku akiendelea kufaidi. Na haki inamtaka aseme ukweli iwapo kifaa kilidondoka au kilichomekwa bila kinga mahali ambapo umeme haujatulia. Friji ikizima mwezi wa kumi na tatu, basi mnunuzi asikubali kwamba kadi imemaliza maneno: amwite fundi anayeaminika aandike chanzo cha kuharibika, ahifadhi kipande kilichoungua pamoja na risiti, ampelekee muuzaji dai lake kwa maandishi, na akikataliwa alifikishe kwa mamlaka ya kulinda walaji au mahakamani. Na muuzaji anayemcha Mungu, kabla ya kuitazama tarehe, aitazame kwanza sababu.