Maneno ya Jukwaani ni ya Nani?

Baadhi ya wasomaji wetu wametuuliza mas-ala ambayo kwa juu juu yaonekana madogo. Mtoto aliyeko skuli ya sekondari amechaguliwa kuingia katika mchezo wa kuigiza, naye amepewa sehemu ya mtu mwongo, au mlevi, au hakimu mla rushwa. Atasimama mbele ya halaiki ya watu na kutamka maneno ambayo lau angaliyatamka nyumbani angalitiwa adabu. Je, huo si uwongo? Na ikiwa maneno yale ni mabaya, au yamewaudhi wakubwa, ni nani atakayeulizwa: mtoto, mwalimu, au yule aliyeyaandika?

Wako waliokwisha kujijibu. Humtoa mtoto katika chama cha maigizo, na hapo huona kuwa kazi imekwisha. Sisi hatuoni hivyo, kwani swali la pili ni zito kuliko la kwanza, na wengi hulishughulikia la kwanza wakaliacha la pili likining'inia.

Kwa faida ya wazee ambao hawajapata kuyashuhudia, mashindano ya drama ya skuli za Kenya yalianza mwaka 1959. Kila mwaka skuli hushindana tangu ngazi ya chini, kisha kaunti, kisha mkoa, hata zikafika mashindano ya taifa zima, ambayo aghalabu huwa mwezi wa Aprili. Wala hamna michezo ya kuigiza peke yake. Mna mashairi yanayosomwa na kundi zima kwa sauti moja, na ngoma za kubuni, na masimulizi. Walioshinda huitwa kuonyesha kazi zao mbele ya Rais wa nchi. Basi si mchezo wa watoto kama jina lake lidhaniwavyo. Skuli hutafuta jina kwa njia hiyo, na nyingine huwaajiri waandishi na waelekezi kutoka nje ili wasishindwe.

Ama swali la uwongo, jawabu lake si refu. Uwongo ni kumpa mwenzio habari isiyo kweli hali wataka aisadiki. Aliyekaa kitini ukumbini ajua kuwa yule hakimu ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, na kwamba joho lake limeazimwa. Hakuna aliyedanganywa. Na kila mmoja wetu asomapo Suratu Naziat hupita katika dai la Firauni la uungu, naye hulisoma kwa sauti, pengine ndani ya sala, wala hapana aliyepata kusema kuwa msomaji amekufuru. Maneno ni ya Firauni. Ulimi wetu umeyahadithia tu. Wanavyuoni wana kauli mashuhuri kuwa mwenye kunukuu kufuru si kafiri.

Waliosoma katika darsa zetu wanamjua Al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122. Maqamat zake hamsini zote ni visa vya kubuni vya Abu Zaidi wa Saruji, mtu fasaha anayejigeuza sura kila mji, leo kipofu, kesho mhubiri, akiwatoa watu fedha kwa machozi ya uwongo. Na Al-Hariri mwenyewe alijua kuwa atalaumiwa, kwa hivyo katika dibaji akawauliza wenye kulaumu kama wamepata kumsikia mwanachuoni aliyezikataa hadithi za wanyama wanaosema. Vitabu hivyo tumevisoma mikekani kwa karne nyingi ili kujifunza lugha. Na katika zama za karibu, Ali Ahmad Bakathir, Mhadhrami aliyekulia Seiyun, na jina la ukoo wake si geni katika pwani yetu, alihamia Misri mwaka 1934 akawa mtungaji mkubwa wa michezo ya jukwaani hadi kufariki kwake mwaka 1969. Basi asiyetaka mwanawe aigize ana hiari yake, lakini asiseme kuwa jambo hili limezushwa jana na Wazungu.

Hata hivyo kuna mwigo mmoja ambao hatuuonei udhuru, nao ni kumwigiza mtu aliye hai, asiyekuwapo, ili achekwe. Yapokewa kuwa Bibi Aisha alipoutaja ufupi wa mke mwenziwe, Bibi Safiyya, Mtume S.A.W. alilichukia neno lile, na akasema kuwa hapendi kumwigiza mtu hata kwa malipo ya namna gani. Mwanafunzi anayemwigiza mwalimu wake mwenye kilema, ukumbi ukaangua kicheko, amesengenya kwa mwili wake wote.

Na hapa twataka tusimame kidogo, maana jambo hili latugusa. Mchezo wa skuli ukitaka kuchekesha kwa haraka hushika lafudhi ya kabila. Mlinzi hupewa lafudhi hii, mchuuzi bahili lafudhi ile, na mtu wa pwani hutolewa amejinyosha chini ya mnazi akingoja chakula. Hapo sisi hukasirika, na ni haki yetu. Lakini watoto wetu wanapomtoa mtumishi wa nyumbani kwa lafudhi ya mtu wa bara, au mgema kwa lafudhi ya Kigiriama, ni nani kati yetu aliyesimama akatoka ukumbini? Twacheka pamoja na wengine, na pengine twarudi nyumbani tukayakariri yale maneno kwa wake zetu. Kejeli yatuuma ikitufika sisi tu.

Sasa tuje kwenye swali la pili. Skuli ya Wasichana ya Butere, katika kaunti ya Kakamega, imepata kufika mahkamani mara mbili kwa sababu ya mchezo. Mwaka 1913 watu wangalicheka kusikia habari kama hiyo. Mwaka 2013 ilikuwa kweli. Mchezo wao ulioitwa Shackles of Doom, ulioeleza kwa mifano dhulma katika kugawana kazi na mali ya nchi, ulizuiwa usiende mashindano ya taifa, na Mahkama Kuu ikaurejesha. Mwaka 2025 ikawa vivyo hivyo kwa mchezo ulioitwa Echoes of War, habari za ufalme wa kubuni na vijana wanaowahoji wanaowatawala. Michezo yote miwili iliandikwa na Cleophas Malala, ambaye katika mara hii ya pili alikuwa amekwisha kuwa Seneta wa Kakamega na kuuacha useneta. Mahkama iliamuru wasichana waachwe waigize. Walipofika Nakuru mwandishi alikamatwa na polisi kabla ya kuwaongoza, na tarehe 10 Aprili moshi wa kutoa machozi ulitupwa ili kuwatawanya watu waliokusanyika nje.

Watu wengi waliligawa jambo hili mafungu mawili, la serikali na la mwandishi, wakachagua upande. Sisi twaona lawama haina sura moja. Neno lililoandikwa hujibiwa kwa neno. Mwenye nguvu anayelijibu kwa moshi, na watoto wako karibu, amefanya jambo lisilo na utetezi, awe amekasirishwa kwa kiasi gani. Lakini mwanasiasa naye ana jukwaa lake mwenyewe. Akitaka kuwaambia watawala neno, halaiki za kumsikiliza hazikosi. Akilipitisha neno hilo katika koo za wasichana wa skuli, hata likiwa neno la haki, amechukua amana kubwa, kwa kuwa madhara yakija yatawafika wao kabla ya kumfika yeye, au pamoja naye.

Je, maana yake watoto wasiguse mambo ya dhulma? Hatusemi hivyo. Kijana wa miaka kumi na saba aijua rushwa. Ameiona bandarini, ameiona hospitali, baba yake ameilipa mbele ya macho yake. Kumkataza asiitaje ni kumfunza kuwa kunyamaza ndiyo adabu. Tunachosema ni kuwa ulimi huazimwa kwa idhini ya mwenyewe, na hapana idhini kwa asiyefahamu. Mwalimu anayemhifadhisha mtoto kurasa ishirini bila ya kumweleza maneno yale yamwendea nani, na yaweza kuleta nini, amemtumia kama zumari. Akimweleza, akampa nafasi ya kukataa, na mtoto akakubali, hapo mtoto ana sehemu yake ya dhamana, kidogo, kwa kadiri ya umri wake. Maneno ya mlevi hayawi yake. Kukubali kwake kuyasema ni kwake.

Na wasichana wale wa Butere walilidhihirisha hili kuliko tuwezavyo kulieleza. Walipanda jukwaani asubuhi ile, wakaimba wimbo wa taifa, kisha wakashuka wakaenda zao bila ya kuigiza. Tendo hilo halikuwamo katika mswada.

Basi kwa mzazi aliyetuuliza: usimtoe mwanao kabla ya kuuomba mswada. Ni haki yako, na mwalimu mwema hatakunyima. Usome pamoja naye, umuulize huyu anayemwigiza ni nani, na anachekwa kwa kosa lake au kwa kabila lake. Katika skuli za wavulana watakuta sehemu za wanawake, na kwa hilo hukumu ya mwanamume kujifananisha na mwanamke yajulikana. Mwalimu aombwe mapema ampe mtoto sehemu nyingine, kwani akiambiwa siku ya mwisho atakuwa amekwisha kupanga watu wake. Na mazoezi yakichelewa hata baada ya Magharibi, mzazi aende akamchukue mwenyewe. Akifika mapema, aketi nyuma asikilize.