Hata Usipojibu, Umeshajibu

Mei 2019, mawakili wa Edward Gallagher, komando wa Jeshi la Majini la Marekani aliyeshtakiwa kwa mauaji nchini Iraq, walipokea barua pepe ya mwendesha mashtaka. Chini ya jina lake palikuwa na nembo ngeni: bendera ya Marekani, na tai ametua juu ya mizani ya haki. Pambo tu, ungesema. Hata mimi ningelipita.

Kumbe picha ile haikuwamo ndani ya barua. Ilikaa kwenye seva, na ukifungua, simu au kompyuta yako huenda yenyewe kuichukua. Huko huacha habari zako: saa, aina ya kifaa, anuani ya intaneti. Barua ya namna hiyo ilimfikia pia mwandishi wa Navy Times, kwani alikuwa akisakwa anayevujisha nyaraka za kesi. Mawakili walishtuka, wakalalamika, na mwezi Juni jaji akamwondoa mwendesha mashtaka yule. Julai Gallagher akaonekana hana hatia katika shtaka la mauaji.

Wale ni mawakili, kushuku ndiyo kazi yao. Sisi huku Ufipa je? Chukulia mfanyabiashara wa mahindi wa Laela ameandikiwa na mnunuzi asiyemjua. Programu inamwambia picha zimezuiwa; anabonyeza zionekane, aione nembo ya kampuni. Usiku anairudia barua, alfajiri tena. Hajajibu neno, ila mnunuzi keshajua jamaa ana hamu ya kuuza, na bei ataishikilia chini. Baadaye anapigiwa simu dakika chache tu baada ya kufungua, naye anaona ni bahati. Ndugu zangu, hapo ndipo pa kushtuka. Tapeli naye akijua anuani yako ya barua pepe ina mtu, ataandika tena.

Wapo wanaojifariji kwamba anuani ya intaneti ya simu itaonyesha wako Dar es Salaam, si Sumbawanga. Huenda, lakini saa haifichiki. Gmail nayo, tangu 2013, huchukua picha kupitia seva za Google, hivyo mahali ulipo hufichika. Kwamba umefungua, mtumaji bado anaweza kujua.

Ingia kwenye mipangilio ya barua pepe, upande wa picha, uchague iwe inakuuliza kwanza. Na kama barua zako hufunguliwa na kijana wa steshenari, mwambie asibonyeze kitu mpaka umjue aliyeandika.