Mpe Mwenzako Neno la Kurudi

Wanangu wa Nyalukemba,

Nasikia baadhi yenu mnaweka akiba, dolari kwa dolari, ili mkapande Kilimanjaro, kila mtu na rafiki yake. Nimefurahi. Kijana aliyekulia Bukavu miguu yake imezoea mwinuko tangu siku alipotumwa maji kwa mara ya kwanza, na nchi hii ya vita na habari mbaya inahitaji vijana wenye hamu ya kuona mbali. Nendeni. Ila kabla hamjafunga mizigo, pokeeni neno moja kwangu: mkiwa bado chini, kila mmoja ampe mwenzake haki ya kusema "turudi", na neno hilo likishatamkwa lisibishiwe.

Msidhani ni neno la woga. Mji wetu uko kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari. Kilele cha Uhuru, juu ya Kilimanjaro, kiko mita 5,895. Kule juu hewa ni hafifu kiasi kwamba kila pumzi inakuletea karibu nusu tu ya ile anayoivuta mtu wa pwani. Mwili ukipandishwa haraka hulalamika: kichwa kinauma, chakula kinachukiza, usingizi unakimbia, matapiko yanakuja. Hayo yakianza, msipande tena mpaka yaishe. Hali ikizidi, ubongo wenyewe unavimba, au maji yanajaa kwenye mapafu, na hapo ni suala la uhai. Ujana hauzuii. Nguvu za mpira hazizuii. Mara nyingi mwenye kifua kipana ndiye anayeugua, kwa sababu alikwenda mbio.

Ugonjwa huu wa mwinuko ukizidi huiba akili ya mgonjwa. Atakuambia yuko sawa, na atakuambia kwa hasira. Ndiyo maana mwenzako ndiye kioo chako kule mlimani: yeye anaona uso wako usiouona wewe. Ukimtilia shaka rafiki yako, mwambie atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Akiyumba kama mlevi, safari ya kupanda imekwisha. Akihema kwa shida hata akiwa ameketi, vilevile. Shukeni mara moja, hata kama ni usiku, mkiwa na kiongozi wenu, wala msimwache mgonjwa ashuke peke yake.

Sasa niwaeleze mahali penyewe, maana wengi mnawaza theluji tu. Katika njia ya Marangu, ukitoka kambi ya Horombo kwenye mita 3,720 kuelekea Kibo kwenye mita 4,720, msitu umekwisha zamani. Mnavuka Tandiko, uwanda mpana wa mawe na vumbi kati ya vilele vya Kibo na Mawenzi. Hilo ni jangwa hasa. Mvua yake ni haba, jua la mchana linachoma ngozi, na usiku maji yanaganda kwenye chupa. Maji ya mwisho yako kabla ya Tandiko. Yanayonywewa Kibo yamebebwa hadi pale na wapagazi, ambao watu wa mlima huwaita wagumu. Waheshimuni sana watu hao. Kila kikombe mtakachokunywa pale kimepandishwa kwa mgongo wa mtu.

Jangwa hilo lina hadaa yake. Kwetu, kwenye mianzi ya mlima Kahuzi, mwenzako akikutangulia hatua kumi humwoni tena, kwa hiyo hofu yenyewe inawaweka pamoja. Tandikoni unamwona rafiki yako yuko mbele, mwendo wa nusu saa, mdogo kama punje, ukajidanganya kuwa mko pamoja. Hamko pamoja. Akianguka hutamsikia. Wewe ukiishiwa nguvu hatageuka. Kanuni yangu ni hii: msiachane zaidi ya umbali wa sauti ya kawaida, na mwendo uwe wa yule anayechoka mapema. Awekwe mbele yeye. Mwenye nguvu akae nyuma, azitumie nguvu zake kwa kuangalia.

Mkifika juu ya mita 3,000, msipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa siku. Mmeona wenyewe kwamba kutoka Horombo hadi Kibo ni mita 1,000. Basi lipeni siku moja zaidi mpumzike Horombo, hata ikibidi kusubiri mwaka mwingine fedha itimie. Haraka haraka haina baraka, na mlimani methali hii ni dawa.

Mnataka mfano wa watu waliorudi? Hans Meyer, Mjerumani wa Leipzig, alijaribu kupanda Kilimanjaro mwaka 1887 akakwama kwenye barafu. Mwaka 1889 alikuja na Ludwig Purtscheller, mpanda milima hodari kutoka Austria. Tarehe 3 Oktoba walichonga vidato katika barafu saa nyingi hadi ukingo wa Kibo. Kilele wakakiona, hakikuwa mbali. Lakini nguvu zilikuwa zimekwisha na mchana umekwenda. Wakashuka. Wakapumzika, wakalala karibu zaidi na barafu, na tarehe 6 Oktoba wakasimama juu kabisa. Wangeng'ang'ania siku ile ya kwanza, huenda tusingepata hata habari zao. Na msimsahau Muini Amani, kijana wa Pangani, aliyebaki nao katika kambi ya baridi kule juu, akipika na kulinda. Vitabu vingi vinataja wawili, nami nawahesabia watatu, kwa sababu bila kambi hakuna kilele.

Kwa hiyo chagueni mwenza kwa tabia, wala si kwa misuli. Mtazameni hapa hapa mjini. Je, akikosea hukiri? Akiambiwa "ngoja", hungoja? Mkila bugali na samaki wa sambaza kwenye sahani moja, hukumbuka kuwa na wewe una njaa? Asiyekusubiri kwenye mteremko wa kwenda ziwani hatakusubiri kwenye mita 5,000.

Na mlima wetu je? Kahuzi, mita 3,308, umetutazama tangu tuzaliwe, na ungekuwa shule bora ya kuanzia. Lakini hifadhi ya Kahuzi-Biega imo katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini tangu 1997, na wenye bunduki wamekaa katika misitu yake miaka mingi. Msiende kule kwa siri, hata mkiwa wawili, hata mkiwa kumi. Subirini walinzi wa hifadhi waseme njia iko wazi, mwende pamoja nao. Rafiki mwema hamwiti mwenzake mahali ambapo yeye mwenyewe hawezi kumlinda.

Najua kishawishi kitakachowapata. Fedha imelipwa, ndugu wanasubiri picha kwenye simu, kilele kinaonekana. Ndipo mmoja atakapotamka lile neno. Siku hiyo asiulizwe "kwa nini", asichekwe, na mkifika nyumbani asisimuliwe kuwa ndiye aliyewaangusha. Semeni "tulirudi", nyote wawili, kwa kauli moja. Kilimanjaro haihami, mtarudi mwaka mwingine. Mama zenu hapa Nyalukemba hawatahesabu mita mlizopanda. Watahesabu waliotoka na waliorejea, na hesabu hiyo nawaomba, wanangu, isipungue.