Mwiko Usioaminiwa

Hebu tuulizane, ndugu msomaji: mtu anaweza kutunza mwiko asiouamini?

Nauliza kwa sababu ya Myamba, Upare Kusini, wilaya ya Same. Wapare tangu zamani wana ndiva, yaani bwawa la udongo: maji ya chemchemi huingia usiku, asubuhi hufunguliwa yakashuka na mfongo hadi mashambani. Ndiva ikijaa tope hupigwa msaragambo, watu wanatoka na majembe yao. Na kwenye machimbuko palikuwa na miti isiyoguswa. Hukati hata fito. Wazee walitambika hapo.

Dini zikaja. Wasabato walifika Upare mwaka 1903, wakaanzia Giti, huko huko upande wa Mamba. Matambiko yakaitwa ushenzi. Siwalaumu waliobatizwa, ni wazee wetu. Lakini hofu ilipotoka, panga liliingia. Tena tangawizi inapenda unyevu, na ya huko ina jina sokoni, bwana. Nani ataacha bonde bichi likae bure?

Serikali inayo Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004: hakuna kulima ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Vizuri. Ila ofisa akiondoka, futikamba inaondoka naye. Mwiko ulikuwa unalala pale pale.

Ndiyo maana wapo wanaosema turudishe miti na mila zake. Hapo nakwama. Kuwatisha watoto kwa mizimu ambayo sisi wenyewe tukiwa Dar tunaicheka ni uongo, hata kama uongo huo utaotesha mkuyu. Basi, nikasema, tubaki na msaragambo, maana tope halimuulizi mtu anasali wapi. Tukubaliane tu kama watu wazima kwamba pale hapalimwi.

Kumbe mzee wa kijadi angenicheka. Makubaliano ya watu, angesema, huvunjwa na watu, hasa mwaka bei ya tangawizi inapopanda. Kwa hiyo yaliwekwa mikononi mwa waliokwisha kufa, ambao huwezi kuwahonga. Hoja hiyo sijaweza kuipangua, na sihitaji kuamini mizimu ili iniume.

Msaragambo ukipigwa nitakwenda, na jembe langu. Wazee wakisogea kwenye miti kutambika, sijui nitasimama wapi.