MANENO YALIYO JUU YA KOPO



Amri ya nane yatukataza uongo, nasi tumezoea kuihesabu kuwa amri ya barazani na mahakamani. Ni wachache waikumbukao dukani. Lakini yupo mtu awezaye kudanganya pasipo kuandika neno hata moja lisilo la kweli.

Tutazame habari ya maziwa ya unga ya watoto wachanga. Katika miaka ya 1960 na 1970 makampuni ya Ulaya na Marekani yaliyauza kwa bidii nyingi katika Afrika, Asia na Karibi. Kopo lilipambwa kwa picha ya mtoto mnene. Katika hospitali za uzazi walipita wanawake wenye mavazi ya kiuguzi, kumbe ni watumishi wa kampuni, nao waligawa makopo ya kwanza bure. Mtoto akizoea chupa, maziwa ya mama hupungua, mwishowe hukauka. Na kopo la pili si la bure tena. Mama maskini alitia unga kidogo na maji mengi ili kopo lidumu, tena maji yasiyochemshwa, maana kuni nazo ni fedha. Watoto wakaharisha, wakakonda, na wengi wakafa.

Uongo uko wapi hapo? Maagizo yalisema maji yachemshwe na unga upimwe sawasawa. Ni kweli tupu! Lakini yaliandikwa kwa herufi ndogo, nao wengi waliouziwa hawakujua kusoma. Picha ndiyo iliyosomwa na wote. Mwuzaji aliijua hali ya nyumba zile. Kweli aliificha nyuma ya kopo, tamaa akaiweka mbele. Anayepanga maneno yake hivi, akijua mwenzake ataelewa vibaya, amesema uongo, hata kama wakili wake hataona kosa.

Masista wa Damu Azizi wa Dayton, Marekani, walikuwa na hisa katika kampuni ya Bristol-Myers. Mwaka 1976 waliishtaki kwamba iliwapa wenye hisa maelezo ya kupotosha juu ya uuzaji wa maziwa hayo, wakaleta ushuhuda kutoka nchi nyingi. Mwaka 1977 jaji aliitupa kesi, akasema wao wenyewe hawakudhurika. Ajabu ya sheria: masista wenye hisa hawakudhurika, na mtoto aliyedhurika hakuwa na hisa! Wakakata rufani, na mwaka 1978 kampuni ikapatana nao.

Mwezi Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Afya wa Dunia, huko Geneva, ulipitisha kanuni kwa kura 118. Marekani peke yake ilipinga. Picha za watoto juu ya makopo zilikataliwa, pamoja na maneno ya kuufananisha unga na maziwa ya mama. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2012. Hata hivyo, uchunguzi uliotolewa mwaka 2022 na mashirika ya WHO na UNICEF katika nchi 8 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wazazi na wajawazito walioulizwa walikuwa wamefikiwa na matangazo ya maziwa hayo. Siku hizi hupitia hata katika simu, na mtoa shauri aonekana kama rafiki tu.

Hatusemi kwamba unga huo ni dhambi. Yuko mtoto aliyefiwa na mama, naye aweza kuokolewa nao.

Lakini wewe Mkristu mwenye duka, wamjua mteja wako, wajua na kisima anachoteka. Akija mama mwenye kichanga kuuliza kopo lile, mgeuzie upande wa nyuma umsomee polepole, hata kama atatoka bila kununua. Nawe mama, usione haya kumwuliza mwuguzi ni nani amlipaye yule aliyekupa zawadi. Na kama hujui kusoma, mwite mwanao wa shule akusomee zile herufi ndogo kabla hujafungua pindo la kanga kutoa fedha.