Simu ya Mkopo Ina Uungwana Wake

Wanaonijua kwa ugonjwa wangu wa vifaa hawakosi swali: kaka, ninunue simu gani? Wanatarajia nianze habari za kamera, chaji inakaa saa ngapi, ina GB ngapi. Siku hizi jibu langu linawaudhi, maana nawajibu kwa swali. Siku aliyeitengeneza atakapochoka nayo, wewe utabaki na nini mkononi?

Nimefikia kuuliza hivyo kwa sababu ya simu za mkopo. Anayeishi mjini anazijua. Unatoa kianzio, unakabidhiwa simu mpya ndani ya boksi lake, halafu unarejesha kidogo kidogo kwa pesa ya mtandao. Ukichelewesha, simu inajifunga. Kioo kinabaki na ujumbe wa kukumbusha deni, na mafundi wa Kariakoo hawaifungui kirahisi kwa sababu kufuli limewekwa ndani kabisa ya programu. Dereva wa bodaboda anaamka alfajiri, anakuta ofisi yake imefungwa kiganjani. Malalamiko ni mengi, na mengine ni ya haki: jumlisha marejesho yote uone bei ilipofika. Hata hivyo simu hizi zina uungwana ambao bidhaa nyingi za bei mbaya hazina. Mkopeshaji alikwambia tangu mwanzo kwamba simu si yako mpaka umalize. Ukimaliza, anafungua na kwenda zake.

Sasa chukua gemu ya The Crew. Ilitoka Desemba 2014, mashindano ya magari ndani ya ramani ya Marekani nzima iliyopunguzwa ukubwa, unaondoka New York na kufika Los Angeles bila kusimama, polisi wakikuruhusu. Watu walilipa bei kamili, wengine wakapewa diski. Tarehe 31 Machi 2024 kampuni ya Ubisoft ilizima seva zake. Na kwa kuwa gemu ile ilijengwa isiwake bila kuzungumza na seva, hata kwa anayecheza peke yake chumbani, ilikufa siku hiyo hiyo. Diski zilibaki nzima, hazina mkwaruzo, hazina kazi. Haukupita muda mrefu, leseni nazo zikaanza kuondolewa kwenye akaunti za wachezaji. Hao hawakuwa wakidaiwa hata senti.

Ubisoft ilitaja vikwazo vya miundombinu ya seva na vya leseni, na sina sababu ya kubisha. Seva inakula umeme na mishahara, na hakuna wa kumlazimisha mfanyabiashara aendeshe duka lisilo na wateja mpaka kiama. Lakini hata Ross Scott, Mmarekani aliyeanzisha kampeni ya Stop Killing Games baada ya kisa hicho, hakuomba hilo. Ombi lake ni dogo kuliko linavyosimuliwa: kampuni ikiamua kufunga, iiache gemu katika hali ambayo aliyeinunua anaweza kuendelea kuicheza kwa njia zake. Katikati ya 2025 saini za raia wa Umoja wa Ulaya waliounga mkono ombi hilo zilipita milioni 1. Watu milioni nzima kutia saini kwa ajili ya gemu! Wazee wetu waliotufukuza kwenye vibanda vya gemu kwa fimbo wangeshangaa.

California waliligusa suala hili kwa pembeni. Tangu 1 Januari 2025 sheria yao inamzuia muuzaji wa mtandaoni kumwekea mteja kitufe cha kununua bidhaa ya kidijitali bila kumweleza waziwazi kwamba anachopata ni leseni. Steam, duka kubwa kuliko yote la gemu za kompyuta, liliweka maelezo hayo kwenye ukurasa wa malipo Oktoba 2024, kabla sheria haijaanza kutumika. Ukisoma vizuri utaona kwamba sheria haimkatazi muuzaji kukunyang'anya. Inamkataza kukudanganya tu. Yaani wamempandisha cheo, amefika pale alipo mkopeshaji wetu wa simu.

Mchezo huu haukuanza na gemu. Julai 2009 Amazon waliingia kwenye vifaa vya Kindle vya wateja wao wakafuta nakala za vitabu viwili vya George Orwell, 1984 na Animal Farm, kwa sababu aliyeviweka sokoni hakuwa na haki navyo. Pesa zilirudishwa na kampuni iliomba radhi. Animal Farm ndicho tunachokijua kama Shamba la Wanyama, kwa tafsiri ya Fortunatus Kawegere. Nakala yangu karatasi zimegeuka kahawia na jalada limeungwa kwa gundi, ila hakuna mchapishaji aliyewahi kuingia kabatini kwangu usiku kuichukua.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu, mkali wa kompyuta kweli kweli, huniambia huu ni uzee. Dunia imehamia mtandaoni, kaka, diski za nini? Huwa namrudisha uswahilini. PlayStation 2 ilitoka Japani Machi 2000, ikauzwa zaidi ya milioni 150 duniani, na Sony waliacha kuitengeneza zaidi ya miaka 10 iliyopita. Lakini ukitembea mitaa yetu bado utaikuta kwenye kibanda cha mabati, padi zimezungushiwa tepu ya umeme, watoto wamebanana kwenye benchi, kila mmoja anangoja mechi yake. Kinachochezwa ni Pro Evolution Soccer ya zamani, ambayo mashabiki wa sehemu mbalimbali za dunia wameendelea kuihariri na kuingiza vikosi vya msimu mpya. Konami wenyewe, waliotengeneza gemu hiyo, waliiacha PS2 baada ya toleo la 2014, na mwaka 2021 wakaugeuza mchezo mzima kuwa eFootball, ya bure, ya mtandaoni. Mwenye kibanda hakuhitaji kujua lolote kati ya hayo. Umeme ukiwepo, biashara ipo.

Nyingi ya diski za vibanda hivyo ni za kuchoma, tusijifiche. Waliotoa jasho kuitengeneza gemu hawakupata chao, na mimi siubariki wizi kwa sababu tu mwizi ni jirani yangu. Ninachosema ni kwamba mashine yenyewe ilitengenezwa ikiamini kwamba ukishaondoka dukani, habari zako na kiwanda zimekwisha. Imani hiyo inaondolewa kidogo kidogo. PS5 Pro iliingia sokoni Novemba 2024 bila sehemu ya diski. Ukiitaka unanunua kando. Nintendo Switch 2 ya Juni 2025 ina baadhi ya gemu zinazouzwa kwa kadi ambayo ndani yake hamna gemu, kadi ni ufunguo tu wa kukuruhusu kuipakua. Ulaya hilo ni usumbufu. Kwetu ni bei nyingine juu ya bei, maana gemu kubwa za leo hupita GB 100, na anayeishi kwa bando la kujipimia anajua GB 100 ni maneno mazito. Halafu ifike siku ya kuicheza, inakuomba sasisho.

Hasira yangu hasa iko kwenye kompyuta. Mpakato nyingi tunazonunua ni mtumba. Zilikuwa za maofisi Ulaya au Marekani, nyingine zimepitia Dubai, zikashuka kwetu zikiwa na nguvu zao. Mashine ya 2016 yenye prosesa ya Intel kizazi cha sita na RAM ya GB 8, ukiiwekea SSD, inaandika ripoti, inapiga hesabu za duka, inahariri picha za harusi. Sasa Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, kwa masharti yake rasmi haiitaki. Inataka Intel kizazi cha nane na kuendelea, ukiacha chache za cha saba, pamoja na kichipu cha usalama cha TPM 2.0. Na tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10, wakaacha nyongeza ya mwaka mmoja ya viraka vya usalama kwa wanaojiandikisha. Kichipu hicho si porojo. Kinatunza funguo za usimbaji mahali ambapo virusi hupata tabu kufika. Lakini mwanafunzi aliyejinyima mihula miwili kununua hiyo mashine hakuharibikiwa na kitu. Inawaka leo kama ilivyowaka jana. Ila kuna mtu mbali sana ameamua kwamba imezeeka.

Mashine za namna hiyo zinazopita mikononi mwangu naziwekea Linux Mint. Sitaki kumdanganya mtu: Photoshop haitaingia, gemu ya Fortnite haitawaka, na programu ya uhasibu ambayo ofisi yako iliilipia huenda ikagoma. Anayeishi kwa programu hizo abaki alipo. Kwa gemu nyingine hali imekuwa nzuri kuliko zamani, kwa kazi ya Valve, ambao mwaka 2022 walianza kuuza mashine yao ya mkononi, Steam Deck, inayoendeshwa na Linux. Ndiyo, Valve ndio wenye Steam, wale wale wa leseni. Katika dunia hii ya vifaa hakuna malaika, kuna masilahi ambayo mara moja moja yanakutana na yako njiani.

Tofauti ya programu huria huonekana siku mambo yanapoharibika. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Hawakungoja mwenye mali aone kama Waswahili ni soko la maana; msimbo ulikuwa wazi, wakakaa wakafanya kazi. Mwanzoni mwa 2010 kampuni ya Sun, iliyokuwa ikiilea OpenOffice, ilinunuliwa na Oracle. Wengi wa watengenezaji wakaingiwa na wasiwasi, na Septemba mwaka huo huo wakaondoka na msimbo na kuanzisha LibreOffice, ambayo naandikia makala hii. Mwenye nyumba alibadilika na wapangaji wakahama na nyumba yao. Jaribu kufanya hivyo na The Crew.

Na VLC je? Ile programu ya koni ya rangi ya machungwa iliyofungua kila filamu ya kuletewa kwa flashi ilianza mwaka 1996 kwa wanafunzi wa École Centrale karibu na Paris. Jean-Baptiste Kempf, anayeiongoza, amesema hadharani kwamba alikataa mamilioni ya yuro yaliyotaka kuijaza matangazo. Mpaka leo ni ya bure, haikuombi ujisajili, haiulizi barua pepe yako, na inafanya kazi porini pasipo na mnara. Ningeulizwa nitaje programu moja tu ya heshima, nisingefikiri mara mbili.

Kuna watakaosoma haya wakadhani nataka turudi kwenye Nokia 1100. Naipenda simu ile: ilitoka 2003, ikauzwa takriban milioni 250, na tochi yake ilifanya kazi kubwa kuliko simu nyingi za sasa zenye kamera nne. Lakini haiwezi kumwonyesha mkulima wa Mbozi bei ya kahawa kwa picha, wala haimpi mtoto masomo ya kidato cha nne kwa video. Sirudi nyuma. Nataka simu janja inayoeleza ukweli wa umri wake.

Hilo linawezekana, maana wengine wameshaanza. Tangu 20 Juni 2025, simu zinazouzwa Umoja wa Ulaya zinatakiwa kupata masasisho ya mfumo kwa miaka isiyopungua 5 baada ya toleo husika kuacha kuuzwa, na boksi lina lebo inayoonyesha betri inadumu kiasi gani na simu inatengenezeka kwa urahisi gani. Kuanzia Februari 2027 betri itabidi iweze kutolewa na mwenye simu mwenyewe, ingawa sheria imeacha misamaha. Simu za chapa hizo hizo zinapofika Kariakoo lebo hakuna, na muuza duka ukimuuliza masasisho yataisha lini anakuonyesha kava.

Serikali yetu ikitaka, inaweza. Tarehe 16 Juni 2016, baada ya miezi ya matangazo, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu bandia nchi nzima, na mpaka bibi zetu wakajua kubonyeza *#06# kukagua simu zao. Walioumia walikuwa wengi, lakini hoja ilikuwa kumlinda mnunuzi dhidi ya bidhaa inayomdanganya. Kama feki ilistahili kuzimwa kwa sababu inadanganya, basi orijino nayo iseme kweli. Tume ya Ushindani na Shirika la Viwango, tunaomba jambo dogo: kila simu, kompyuta na gemu inayouzwa nchini iandikwe kwenye boksi, kwa Kiswahili, masasisho yake yataisha mwaka gani, na kama itaendelea kufanya kazi siku kampuni ikizima seva. Na wewe msomaji, kabla hizo lebo hazijaja, zima data pale pale dukani, ujaribu kifaa hicho kabla hujatoa pesa.